Nilivyouposea Mti Mchumba

Tangu nirudi, sijavuka soko la Kamembe hata mara moja bila mtu kunishika mkono. "Maman Furaha, kwani kule ulienda kufanya nini?" Nikijibu kwamba nilienda kutazama mti, watu wanacheka, wanadhani ninawaficha jambo. Nitoke Mibirizi mpaka Australia kutazama mti, na huu mkaratusi, ambao sisi tunauita inturusu, umejaa kila kilima hapa kwetu? Nimechoka kusimulia nusu nusu huku ninauza miche. Basi haya hapa yote kwa mkupuo mmoja. Mambo ya pasi na viza nayaacha, kwa maana hayo yananipandisha hasira mpaka leo.

Kwa wasionijua, mimi ni mmoja wa akina mama wanaootesha miche ya miti chini ya misheni ya Mibirizi. Nilizaliwa na kukulia Bukavu, tukarudi Rwanda baada ya vita. Nilikuta vilima viko uchi. Waliokimbia walipika kwa kuni, waliobaki kambini walipika kwa kuni, na miti ikaisha. Tukaanza kuotesha mingine. Wakati huo palikuwa na nesi wa Australia, jina lake Margareti, aliyefanya kazi katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Akichoshwa na vidonda alikuja kukaa nasi kati ya miche. Kiswahili alikipata kwetu, ndiyo maana anazungumza kama mtu wa Bukavu hasa. Aliporudi kwao alirithi shamba la baba yake, na ndani ya shamba hilo kulikuwa na mkaratusi wa aina ambayo karibu haipo tena duniani. Akaniita. "Kuya uone inturusu kwabo," alisema kwenye simu, yaani nije niuone mkaratusi kwao ulikotoka.

Kutoka Mibirizi hadi Kamembe

Siku ya kuondoka, Maman Agnesi, mkubwa wetu wa kikundi, alinisubiri njiani na agaseke, kile kikapu chetu chenye kifuniko kirefu. Ndani waliweka mtama, maharagwe mekundu, na samaki wa sambaza waliokaushwa vizuri.

"Utaingia mu nyumba ya bantu mikono mitupu?" aliniambia. "Batasema bamama ba Mibirizi habakufundishwa."

Nilikipakata kikapu kile na kushuka nacho kilima kwa madaha, nikisalimia kila mtu, hata wale ambao kwa kawaida huwa nawapita.

Kamembe tulichelewa. Alfajiri ile milio ya bunduki ilisikika kutoka ng'ambo ya mto wa mpaka, upande wa Bukavu, na watu walikuwa wanavuka kwa wingi na magodoro yao. Dereva wetu alikataa kuondoka. "Dada yangu eko anavuka," alisema. "Sitamuacha." Hakuna abiria aliyemlaumu. Kila mmoja wetu ana mtu wake aliyewahi kumsubiri pale mtoni, na kuna waliosubiri wasimwone. Jua lilikuwa limeshapanda juu alipotokea msichana mwenye kitenge kilicholowa, akaingia garini, na kaka yake akawasha gari.

Kando yangu alikaa mfanyabiashara wa vitenge wa Bukavu, Maman Noela, aliyekuwa amepanda ndege mara nyingi, au ndivyo alivyosema. Alinipa wosia mmoja tu wa ndani ya ndege. "Mu aviyo byakula byote balishalipia mu tike. Usikatale kintu." Niliutii kwa moyo wangu wote, mtaona.

Nyungwe

Ndani ya msitu wa Nyungwe ukungu ulikuwa mzito, na katikati ya ukungu tulikuta mti mkubwa umeanguka njiani. Wanajeshi walikuwa pale wamesimama na panga moja. Wanaume wakashuka kusaidia. Mimi nikashuka kuutazama mti wenyewe, kwa sababu mtu wa miti haachi kazi yake hata akiwa safarini. Ulikuwa mti wa asili, gome limefunikwa ukoga wa kijani na maua ya porini, na chini yake miche midogo ya porini, kangaga, vyura, kila kitu. Nilikumbuka kwamba chini ya mikaratusi yetu huwa kuna vumbi na majani makavu tu, na nikajiambia labda mkaratusi ndivyo ulivyoumbwa, una roho mbaya.

Njaa ikaanza. Watu wakafungua vifurushi: chikwange ya muhogo, ndizi za kuchoma, mayai. Harufu ya sambaza zangu ilikuwa imejaa gari zima na hakuna asiyejua zilipo.

"Maman, hizi samaki bako banasafiri tu ao nabo banaliwa?" Maman Noela akauliza, na gari zima likacheka.

Nilisema ni zawadi ya watu. Wakanielewa, lakini nilijiona mchoyo mpaka Butare. Kigali tulifika kumeshaingia giza, na asubuhi nikaingia ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Juu ya mawingu

Nairobi nilikaa kwenye kiti cha chuma kutwa nzima. Johannesburg vilevile. Katika ndege ndefu, ile inayovuka bahari yote, nilikula kila kilichopita mbele yangu. Walipita na wali, nikachukua. Wakapita na mkate, nikachukua. Wakapita na vitaulo vyeupe vya moto vilivyokunjwa kama chapati, nikachukua na kuuma. Mzee wa Kizungu aliyekaa pembeni alinitazama kwa huruma, kisha akanionyesha polepole jinsi ya kufuta uso. Nilimfanyia ishara kwamba najua, nilikuwa naonja tu. Maman Noela nilimtaja kwa jina hapo, na si kwa sala.

Sydney

Uwanja wa ndege wa Sydney mbwa mdogo mwenye masikio marefu alikuja akakaa chini mbele yangu, akanitazama usoni. Nikadhani amechoka. Nikamwambia pole. Kumbe mbwa yule kazi yake ni kunusa vyakula, na akikaa mbele yako ndiyo amekushitaki.

Dada mmoja mwenye glavu alinipeleka pembeni, akafungua agaseke. Alikuwa mpole sana, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi. Mtama akautia kwenye mfuko, maharagwe kwenye mfuko, sambaza kwenye mfuko, na mifuko yote kwenye pipa. Kikapu akakikagua kila uzi, akanirudishia kitupu. Nilifikiria abiria wa Nyungwe niliowanyima sambaza kwa ajili ya lile pipa. Machozi yakanitoka.

Margareti alikuwa ananisubiri nje, ameota mvi, amechomwa na jua, yuleyule. "Maman Furaha! Uko unalia juu ya nini?"

"Balinikamata byote. Nafika kwako mikono mitupu."

Alinikumbatia na kikapu changu. "Hii inchi yetu inaogopaka mbegu ya bantu," alisema. "Twende, tukule."

Kupanda kwenda shambani

Tulisafiri kutwa nzima kuelekea nyanda za juu, huko kwenye baridi, ambako wakati mwingine wa mwaka theluji huanguka. Na njia nzima, jamani, mikaratusi. Hakuna aliyeipanda wala kuipanga mistari. Mingine myeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, mingine inaambua gome lake na kuliacha linaning'inia. Nilimwambia Margareti asimamishe gari. Nikaingia chini ya miti.

Sikukuta vumbi. Nilikuta maua madogo ya njano, siafu wa rangi nisiyoijua, nyuki, kasuku wanaogombana juu, na mnyama fulani mnene amelala kwenye panda la mti mchana kweupe. Kila mmoja alikuwa anakula kitu chake kutoka kwenye mkaratusi. Nikakaa juu ya jiwe. Miaka yote hii tunaulaumu mti huu kwamba unakausha chemchemi na hautaki majirani. Kumbe kwetu ulikuja peke yake, bila wadudu wake, bila ndege wake, bila mtu yeyote wa kwao. Mimi ambaye nimezaliwa ugenini nikarudi ukubwani, hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Niliuomba radhi mti ule kwa Kinyarwanda, Margareti akadhani ninasali.

Shambani kwa Margareti

Sasa nilitarajia kwamba mti wenyewe, ule wa ajabu, utakuwa mkubwa kushinda yote. Margareti alinipeleka kwenye uwanda wa vichaka vifupi, udongo mwembamba wenye changarawe nyeupe, mahali ambapo mkulima wa Mibirizi asingefungia hata mbuzi. Akasimama mbele ya kichaka kilichonizidi kimo kidogo tu, vishina vingi vimetoka pamoja chini, majani madogo mazito yanayong'aa, mawilimawili yakitazamana, ncha zimejikunja kurudi nyuma. Kila mahali vichipukizi vya maua, na vichache vilikuwa vimefunguka, vyeupe.

"Nani aliikataka?" niliuliza kwa ukali, maana kwetu mkaratusi ukitoa vishina vingi hivyo ujue umekatwa, unachipuka upya.

Na hapa nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu angelifanya. Mti uliochipuka hivyo huwa tunausaidia. Tunachagua kishina kimoja au viwili vyenye nguvu, vilivyobaki tunavivunja ili vile vikue kuwa nguzo. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilishakishika kishina chembamba na kukipinda Margareti aliponirukia na kunikamata kiganja kwa mikono miwili.

"Acha! Maman Furaha, acha! Mu dunia yote haifike kumi!"

Nikaachia. Kishina kikarudi mahali pake, kizima, namshukuru Mungu. Margareti alikaa chini majanini akacheka.

Hapo ndipo aliponieleza vizuri. Hakuna aliyewahi kuukata. Ndivyo unavyoishi: chini ya udongo una donge kubwa la mti, moto ukipita au baridi ikiuua wa juu, wa chini unachipua tena. Wataalamu wanauita Eucalyptus recurva, na watu wa pale wanauita mti wa enzi ya barafu, kwa kuwa wanaamini umekuwepo tangu nchi ile ilipokuwa baridi kuliko sasa. Iliyobaki inayojulikana, alisema, si mia wala kumi, unaihesabu kwa vidole vya mkono ukizidisha kidogo. Nayo imetawanyika, mmoja hapa, mwingine nyuma ya vilima. Huu wa kwake unatoa maua kila kiangazi. Lakini mbegu haupati, au unapata makapi yasiyoota. Unahitaji chavua kutoka kwa mwenzake, na nyuki hawafiki mbali hivyo.

"Mwenzake eko wapi?" niliuliza.

Margareti alinyoosha kidole upande wa pili wa uzio wa senyenge, kwenye kilima kilichofuata. "Kwa Mzee Kolini. Hatuseme naye. Hakuna muntu ya nyumba yetu anaingiaka kule tangu baba yangu alikuwa muzima."

Zamani dume la ng'ombe la baba yake lilivunja uzio na kuharibu malisho ya Kolini. Kolini alitaka kuombwa radhi, baba alisema dume halina akili na yeye hawezi kuomba radhi kwa niaba ya mnyama. Ndiyo hivyo tu. Baba alikufa bila kumsalimia jirani. Margareti alikuwa ameenda mara moja kuomba chavua, akarudishwa langoni. Na mti huu wa kwake, akaniambia kwa sauti ndogo, vishina vyake vinakauka kimoja kimoja, naye hajui una viangazi vingapi zaidi.

Nilimtazama, nikautazama mti. Ghafla nikaona kazi niliyoletewa. Nilimwambia: "Kumbe hii ni mambo ya ndoa! Inaomba umuranga!"

Umuranga kwetu ni mshenga, yule anayetumwa kwa wazazi wa msichana kumwombea kijana. Nimeshafanya kazi hiyo kwa vijana wengi wa parokia, na ndoa zangu zote ziko imara isipokuwa moja, na hiyo kosa lilikuwa la bwana harusi. Nilimwambia Margareti atafute bia, avae gauni la heshima, na akifika pale asiseme lake hata moja. Mwenye kijana huwa haongei. Atafsiri tu.

Kwa Mzee Kolini

Tuliweka chupa za bia ndani ya agaseke, kikapu kikawa kimepata kazi tena. Nilijitwisha. Mzee Kolini alikuwa barazani, mrefu, kofia kichwani, mbwa miguuni. Alipomwona Margareti akasimama.

Nikatua kikapu, nikapiga magoti kidogo, nikaanza kama inavyoanzwa. Nikasema tumetoka mbali, tumesikia sifa za nyumba hii, na tumeona kwamba ndani ya boma lake kuna binti mzuri, naye kijana wetu hapati usingizi. Margareti alitafsiri kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu.

Mzee akasema neno.

"Anasema hakujui," Margareti alisema.

Nikafurahi sana. Enyi mlioozesha mabinti mnajua: upande wa msichana lazima waanze kwa kukataa. Wakikubali haraka ni aibu kwao. Watasema hawawajui, watasema hapa hakuna msichana, watasema ameshachumbiwa, na ninyi mnacheka, mnajibu, mnaongeza bia.

"Njo bilivyo!" nilisema, yaani ndivyo ilivyo. "Mwambie kwetu pia tunaanziaka pale." Nikavuta kiti nikakaa.

"Anasema hapa hakuna mti ya kuonyesha muntu."

"Mwambie harufu ya uzuri yake ilitufikia mpaka Rwanda."

"Anasema bantu ba baba yangu habana heshima."

Mzee huyu anaijua kazi yake, niliwaza, maana kwetu kuna wazee wa namna hiyo, wanaitwa kwenye kila posa kwa ajili ya kukataa kwao kutamu. Nikapiga makofi. Nikafungua bia, nikampa kwa mikono miwili. Aliipokea, nadhani kwa mshangao.

Margareti akaniinamia sikioni. "Maman Furaha, haiko mchezo. Anakatala kweli. Anasema tuondoke."

Nikamtazama Mzee vizuri. Bia aliyoishika hakuwa ameionja, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwa Margareti, kwa uso wake, ambao kila mtu anasema ni wa baba yake mtupu. Furaha yangu ikakatika. Niliona haya, nikatamani niinuke.

Lakini sikuinuka. Hasira ilinipanda, na hasira yangu mnaijua.

"Mwambie," nilisema, "mimi natoka Mibirizi, mu Cyangugu. Kule jirani kukatala kusalimia jirani haiko juu ya dume ya ng'ombe. Banajua sababu, na sababu ile iko mingi sana, hakuna bia itaimaliza. Mwanamke tunapakana shamba, tulipitana pa chemchemi misimu mizima, hakuna bonjour. Siku moja jua likawaka, miche yangu ikaanza kufa. Akashika ndoo ingine. Hakuniomba radhi, sikumuomba radhi. Tulibeba maji. Sasa tunabebaka kila siku. Mwambie mti haiulize baba ya nani alikosea nani. Inataka maji, inataka mwenzake, bassi."

Margareti alitafsiri. Hakuruka neno. Mzee Kolini alivua kofia. Akatazama upande wa kilima cha Margareti.

Kisha akauliza swali, na safari hii alinitazama mimi.

"Anauliza, kwenu, nyuma ya bia kunafuata nini?"

"Ng'ombe," nilisema. "Hakuna binti anatokaka nyumbani bila ng'ombe."

Mzee akarudia lile neno, ng'ombe, kwa lugha yake. Kitu kikaanza kumsumbua kifuani, nikadhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko. Alicheka mpaka mbwa akaamka, na Margareti akaanza kucheka naye, kisha akawa analia, kisha vyote viwili. Mzee alipopata pumzi akataja mahari yake: ndama jike wa ukoo wa lile dume lililovunja uzio. Si mwingine.

"Mpe," nilisema, kabla Margareti hajamaliza kutafsiri.

Siku ya maua

Ndama aliletwa siku iliyofuata, Margareti mwenyewe akimvuta kwa kamba kupitia lango la mbele. Mzee Kolini alikuwa amevaa shati jeupe. Alitupa chai na keki yenye nazi juu, nami nikachukua kila kitu, kwa kuwa wosia wa Maman Noela nchi kavu haukuwa na hasara.

Mti wa Mzee ulikuwa nyuma ya mwinuko, mnene kuliko wetu, umezungukwa na mawe aliyoyapanga kwa mkono. Nilishangaa. Mtu aliyesema hapa hakuna mti alikuwa anaupalilia. Tulikuwa tumebeba maua ya kwetu ndani ya kopo la chakula, juu ya kitambaa kilicholowa. Margareti alikuwa na brashi ndogo ya kuchorea. Jioni iliyotangulia alikuwa ameshanifundisha namna ya kuondoa sehemu ya kiume kwenye ua kabla halijafunguka sawasawa, ili lisijipe chavua lenyewe. Kila ua lina ya kiume na ya kike humohumo, jambo ambalo kama mshenga sikuona haja ya kumtajia Mzee.

Mzee alishika tawi. Mimi nilishika kopo. Margareti alipaka, ua baada ya ua, akiuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Tulipomaliza tulifunika kila kishada kwa kifuko cha pazia jepesi, kisha tukachukua maua ya Mzee tukayapeleka upande wa pili, naye akaja nasi. Alisimama mbele ya mti wa jirani yake wa miaka yote, akavua kofia tena. Akasema kitu kifupi.

"Anasema ni mzuri," Margareti alinitafsiria.

Nawaambia ukweli, nilijivuna. Nimeotesha miche mingi, nimeona vilima vyetu vikirudi kuwa kijani, na hilo nalijivunia kila siku. Lakini siku ile, mimi mwanamke wa Mibirizi, niliyeingia nchi ya watu na kikapu kitupu, nilikuwa nimesimama kati ya wazee wawili wasiosalimiana na miti miwili isiyokutana, na wote wanne walikuwa wameshikana. Hakuna aliyenifundisha kazi ile huko. Nilitoka nayo kwetu.

Nyumbani

Kurudi hakuna la kusimulia, isipokuwa kwamba kitaulo cha moto nilifutia uso. Maman Agnesi aliposikia kwamba mtama wake uliishia kwenye pipa alinuna, na aliposikia mengine akasema ndiyo maana walinituma mimi.

Mbegu za mti ule hazina haraka. Mvua zilikuja zikaondoka, ng'ambo vita vikapoa vikawaka tena, nasi tukaendelea na miche yetu. Margareti alipiga simu mara moja kusema vitunda vya mbegu vimeshika. Mara nyingine akasema mbegu zimevunwa, chache sana, zimewekwa kwenye udongo. Baada ya hapo kimya. Sikuuliza. Mwenye mimba haulizwi kila siku.

Juma lililopita nilikuwa sokoni Kamembe, nimepanga miche chini pamoja na Maman Agnesi, simu yake ikalia, akanipa.

"Imeota," Margareti alisema. "Maman Furaha, imeota. Mitatu."

Nikaibana simu sikioni. Nikasikia nyuma yake vyombo vinagongana, na sauti ya mwanamume inamuuliza kitu. Ilikuwa sauti ya Mzee Kolini. Alikuwa jikoni kwa Margareti.

"Mzee anauliza," alisema, "kwenu mtoto akizaliwa, nani anamupatia jina?"

"Babu," nilisema. "Mwambie ni babu."

Nilisikia anamtafsiria. Halafu sikusikia tena chochote, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele katikati ya soko, simu mkononi, miche imemwagika. Wanawake walitoka kwenye nyanya, kwenye samaki, kwenye vitenge. Wakaniuliza, nani amezaa? Nikawaambia wamezaa wale niliowaposea, ng'ambo ya bahari, watoto watatu, na wote wazima. Hakuna aliyeuliza zaidi. Walipiga impundu, yaani vigelegele, zile zinazopigwa mtoto anapoingia duniani, soko zima la Kamembe, na mimi ndiye niliyezianzisha.